Mkono Uliokataa Kuachia

Watu wengi hudhani kwamba mtu aliyepooza mkono shida yake ni kushika. Mama Mayai naye alidhani hivyohivyo. Tangu siku kiharusi kilipomwangusha nyuma ya meza ya duka lake la mayai ya jumla, dua yake ilikuwa moja tu: mkono wa kulia ushike. Mguu ulirudi, ukawa unaburuta kidogo. Maneno yalirudi, tena mapema, na wanaomjua wakasema hayakuwa yamekwenda mbali. Mwisho mkono nao ukashika, ukashika na kukataa kuachia. Akishika ufagio, ufagio umepata makao. Akimpa mgeni mkono, mgeni anabaki mlangoni akitabasamu kwa adabu huku mume wa Mama Mayai akivikunjua vidole vya mkewe kimoja baada ya kingine, na kwa kila kidole anasema pole, pole, pole.

Kwa muuza mayai huo si mkono, ni hasara inayotembea. Mkono huohuo zamani ulikuwa unachota mayai matatu kwa mpigo, unayapitisha mbele ya taa iliyofichwa ndani ya boksi lenye tundu ili kuona kama kiini kimetulia, kisha unayapanga kwenye trei ncha ikiwa chini, na wakati wote huo mdomo unabishana bei na mteja. Sasa ukilishika yai, kinachofuata ni ute na kiini kuchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Meza ya duka ilikuwa imeshikwa na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, na kilichomuuma Mama Mayai ni kwamba binti yule aliifanya kazi vizuri. Angekuwa mzembe, angalau mtu angepata cha kusema. Walimwekea kiti pembeni ya duka wakamwambia awe anakuja kukaa, apokee salamu. Salamu! Alikaa asubuhi moja, akasalimiwa na kupewa pole na mji mzima, akarudi nyumbani amekunja uso na hakukanyaga tena. Alitaka meza yake, aisimamie kwa mikono yake miwili. Kingine chochote walichompa kilikuwa ni kumbembeleza.

Ndipo waliposikia kwamba hospitali kubwa inafanya utafiti wa kurudisha viungo kazini. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya chini, kirefu, kinanuka spiriti na mpira, na katikati kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja walikuwa watu wa kiharusi. Upande wa pili walikuwa walioumia uti wa mgongo, wamefungwa mikanda inayoning'inia kutoka darini, wanasimamishwa huku umeme mdogo ukipitishwa mgongoni kuigutusha mishipa iliyolala. Anayewashughulikia watu wa mkono alikuwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwembamba wa maneno machache, ambaye kila mtu alimwita daktari ingawa alishachoka kueleza kwamba yeye si daktari.

Fizio aliwaeleza mambo taratibu. Mkono mbovu unadumaa kwa sababu mzima unafanya kila kitu, na ubongo ukishazoea hivyo unausahau. Kwa hiyo katika hatua ya kwanza mkono mzima utavishwa glavu nene isiyo na vidole karibu mchana kutwa, ili ule mwingine ukose mahali pa kujificha. Katika hatua ya pili kuna mashine ndogo inayobandikwa kwenye mkono, inausikiliza msuli, na msuli ukijaribu wenyewe kukunjua vidole, hata kidogo tu, mashine inauongezea nguvu. Lakini haianzi yenyewe. Msuli usipojitutumua, mashine nayo inakaa kimya. Na kwa kuwa mashine ni chache na wanaoisubiri ni wengi, kulikuwa na sharti: mwisho wa hatua ya kwanza mgonjwa atapimwa, na lazima ashike kitu na kukiachia mwenyewe, bila mkono wake wa pili na bila mkono wa mtu. Atakayeshindwa atashukuriwa, atapewa mazoezi ya nyumbani, na nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

"Na bila mashine mkono huu utafika wapi?" Mama Mayai aliuliza.

Fizio hakumpaka mafuta. Alisema unaweza ukafika mbali, unaweza pia ukaishia hapo ulipo, na kwamba yeye hapendi kubahatisha.

Tatizo la kwanza halikuwa mkono, lilikuwa mume. Mzee huyu alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na watu bado walimwita Dereva ingawa alishastaafu. Miaka yote ya ndoa alikuwa njiani, na sasa aliporudi nyumbani moja kwa moja aliamua kulipa deni lote la kutokuwepo kwa mpigo mmoja. Alimlisha mkewe, akamfunga vifungo, akamchania nywele vibaya kwa upendo mwingi. Glavu ilipoingia nyumbani aliiona kama adhabu aliyopewa mtu asiye na kosa, na kila Mama Mayai alipohangaika na kijiko, Dereva alikuwa ameshakichukua.

Fizio aligundua siku alipowatembelea. "Baba," akasema, "unamwibia."

"Mimi? Mimi sijawahi kuiba hata msumari."

"Unamwibia kazi. Kila unachomfanyia ni zoezi umemnyang'anya."

Tangu hapo Dereva akawa anakaa kwenye kiti chake amefungia mikono kwapani, anamtazama mkewe akipigana na kijiko, na midomo inamcheza pole pole pole bila sauti. Kumgusa hakumgusa tena. Hilo alilishika kwelikweli.

Pale hospitalini vifaa vya mazoezi vilikuwa vipande vya mbao na vikombe vya plastiki. Mama Mayai alizichukia mbao hizo. Fizio alipoona hivyo akamuuliza mkono huo ulikuwa ukifanya kazi gani ukiwa mzima, na alipojibiwa akasema, basi nyumbani tumia mayai. Trei moja kushoto, trei moja kulia, toa huku weka kule.

Ikawa ni mauaji. Mayai yalipasuka mezani, yakapasuka hewani, mengine yakapasuka hata kabla hayajatoka kwenye trei. Familia ilikula mayai ya kukaanga asubuhi, mchana na jioni, mpaka mkwe akaomba kwa heshima zote aruhusiwe kula mkate mtupu. Pale kwenye utafiti, nyuma ya pazia, kulikuwa na mwashi mmoja aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na ambaye hakuwa amesimama tangu siku hiyo. Habari za mayai zilimfikia, na kila Mama Mayai alipoingia mwashi alipaza sauti kutoka upande wa pili kuuliza leo wamekufa wangapi. Mama Mayai alimjibu vizuri, maana mtani humjibu mtani, lakini moyoni ilikuwa haichekeshi tena.

Kisha mwashi akasimama. Mikanda ililegea mabegani mwake, umeme ukiwa unapita mgongoni, na miguu yake mwenyewe ikambeba, inatetemeka lakini imembeba. Chumba kizima kilishangilia. Mama Mayai alishangilia pamoja nao na alifurahi kwa dhati, na papo hapo akamwonea wivu. Alirudi nyumbani, akalishika yai, likapasuka. Akashika la pili, likapasuka. Akaketi na mkono wake unaochuruzika akalia, kisha akamwambia mumewe kwamba yeye basi, anaacha, wampe nafasi hiyo mtu mwenye mkono wa maana.

Dereva alikuwa mtu wa kustahimili barabara mbovu, lori lililokwama na polisi wa kila aina. Machozi ya mkewe hakuyaweza. Akambembeleza mpaka akakubali kujaribu tena kesho. Alfajiri yake akaamka kimyakimya, akabandika sufuria, akachemsha mayai mpaka yakawa magumu, akayapoza kwa maji, akayafuta, na kuyapanga kwenye trei ya mazoezi ncha chini, kama alivyomwona mkewe akifanya siku zote.

Mtu atauliza, muuza mayai mzima anawezaje kushindwa kutambua yai lililochemshwa? Zamani angelitambua amefumba macho, kwa jinsi tu kiini kinavyotikisika ndani. Lakini mkono wenye hisia nzima ulikuwa umevishwa glavu, na ule wa kulia ulikuwa bado haujarudiwa na hisia sawasawa. Kwake yai lilikuwa kitu cha mviringo, basi. Alilishika akisubiri lipasuke. Halikupasuka. Akalivusha mpaka trei ya pili, akakaa nalo juu ya tundu, akisubiri. Na baada ya muda mrefu vidole vikaanza kulegea, kimoja, kingine, na yai likakaa mahali pake.

Alilitazama yai lile kwa muda. Kisha akachukua jingine.

Siku zile zilikuwa za raha katika nyumba ile. Mayai yalivuka kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, mkono ukifunguka kwa mwendo wake wa pole lakini ukifunguka. Mama Mayai akaanza kuimba jikoni. Akaanza kumtumia mkwe wake maagizo: boksi la taa lisafishwe, trei zilizochanika zitupwe, mizani isogezwe, mwenyewe anarudi. Mkwe alisema ndiyo mama, na akasogeza mizani. Dereva alinenepa kwa furaha na kukonda kwa hofu kwa wakati mmoja. Kila alfajiri alijiambia leo ndiyo mwisho, na kila alfajiri alibandika sufuria.

Uongo wake ulivunjwa na keki. Siku moja kabla ya kupimwa, duka lilipungukiwa mayai, na mkwe, aliyekuwa amesimamiwa kichwani na mteja mwenye haraka, alikimbia nyumbani akabeba trei ya kwanza aliyoiona mezani. Mteja huyo alikuwa mwokaji wa keki, mama wa hasira za karibu. Haukupita muda akaonekana mlangoni kwa Mama Mayai, aproni yake imejaa unga, bakuli mkononi, na mkwe anamfuata nyuma akihema na kuapa kwamba yeye hajui lolote.

"Mama Mayai," mwokaji akasema, "kuku wenu siku hizi wanataga mayai yaliyoiva?"

Akachukua yai moja kwenye bakuli, akaligonga kwenye ukingo wa meza, akalimenya mbele ya macho yao. Likatoka jeupe, zima, linang'aa. Mkwe akamtazama mama, mama akamtazama mkwe, kisha wote kwa pamoja wakamgeukia Dereva, ambaye alikuwa ameona kitu cha maana sana kule darini.

Mwokaji akapewa mayai mengine na radhi za kutosha, akaondoka. Mama Mayai hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Alimuuliza tu tangu lini. Dereva akasema tangu siku ile uliposema unaacha. Akaeleza kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba alitaka apate moyo kidogo, kwamba alidhani ni siku moja tu, ikawa mbili.

"Bora ungeniacha nivunje," mkewe akasema. Akainuka akaenda chumbani, mkono wa kulia umejikunja kifuani, mgumu kama ngumi. Aibu ilimwunguza. Aliikumbuka ile mizani aliyoagiza isogezwe, na zile nyimbo alizoimba jikoni kama mwendawazimu, kumbe anachezea mayai ya kuchemsha.

Asubuhi akatangaza kwamba haendi kupimwa. Akapimwe nini? Dereva hakubishana. Alivaa viatu vyake mlangoni na kusema kwamba yeye atakwenda, akamwambie fizio kwamba aliyeharibu utafiti ni yeye, wasije wakamlaumu mke wake. Mama Mayai akamsikiliza. Alimjua mumewe, alijua hajui kusimulia jambo bila kulikoroga, na wazo la mtu yule kwenda kusimulia habari ya mkono wake mbele za watu lilimshinda. Akatafuta viatu.

Njiani walipita dukani. Alimwambia mkwe ampe yai moja, bichi, na amulike alione. Mkwe akaliweka mbele ya tundu la boksi, na kivuli cha kiini kikaonekana kikielea ndani. Mama Mayai akalifunga kwenye leso, akalitia mkobani. Alisema anataka kumwonyesha fizio kwa macho jinsi linavyopasuka, ili kila mtu ajue ukweli na mambo yaishe.

Fizio aliwasikiliza wote wawili, maana waliongea kwa pamoja. Dereva alikiri kila kitu, sufuria, maji ya kupoza, mpaka kitambaa cha kufutia. Aliuliza kama utafiti wote umeharibika na kama kuna adhabu. Fizio hakucheka, ingawa nyuma ya pazia mwashi alikuwa anakohoa kikohozi cha kutengeneza.

"Baba, alipokuwa anayaweka yale mayai kwenye trei, nani alikuwa anamfungua vidole?"

"Hakuna. Ulinikataza nisimguse."

"Hukumgusa hata mara moja?"

"Hata mara moja. Naapa."

"Basi ngoja nielewe vizuri," fizio akasema. "Mayai uliyachemsha. Vidole je, navyo ulivichemsha?"

Fizio akamgeukia mama, akamweleza kwamba yai gumu lilificha jambo moja tu, nalo ni kubana. Kubana bado anabana sana, na hilo ni kazi ya baadaye. Lakini kuachia, hakuna yai linaloweza kuachia kwa niaba ya mtu. Alikuwa anaogopa kuvunja, na mtu akiogopa, mkono wa kiharusi unakaza mara mbili. Alipoacha kuogopa ukafunguka, na aliyeufungua ni yeye.

Mama Mayai aliutazama mkono wake kama mtu anayeletewa habari za jamaa aliyedhani amekufa. Kisha akasema lililomkaa rohoni. "Sasa nimeshajua. Nitaogopa tena."

"Inawezekana," fizio akasema. "Ndiyo maana tunapima."

Aliyepima hakuwa fizio. Utafiti ulitaka mtu asiyemjua mgonjwa, asije akamwonea huruma, na huyo alikuwa mpimaji wa miwani minene ambaye aliingia, akasalimia, akaweka kipande cha mbao mezani na hakuongeza neno. Glavu ikavuliwa. Mkono wa kushoto ukawekwa mgongoni. Dereva akaambiwa akae mbali, akaenda kusimama ukutani, mikono kwapani.

Mama Mayai akashika mbao. Akaivusha mpaka kwenye duara lililochorwa upande wa pili. Akauambia mkono uachie. Haukuachia. Akaukazania, na kadiri alivyoukazania ndivyo ulivyojifunga, vidole vikawa vyeupe kwenye maungio. Jasho likamtoka. Nafasi yake aliiona inaondoka, meza yake inaondoka, na kile kiti cha pembeni cha kupokea salamu kinamsubiri.

Hapo akaacha kuulazimisha. Aliilaza mbao mezani, akaupumzisha mkono juu yake, kiganja kikainama kwenye kifundo cha mkono, na akafanya kama alivyokuwa akifanya jikoni zile asubuhi za uongo: akasubiri. Alivuta pumzi. Alijiambia, hapa hakuna cha kuvunja. Kidole cha shahada kikalegea. Kikafuata cha kati. Vya mwisho vikajivuta kwa mbinde, gumba likabanduka, na mkono ukanyanyuka juu ya mbao ukiwa mtupu.

Mpimaji alisogeza miwani yake. "Ameachia," akasema.

Nyuma ya pazia mwashi akapiga makofi, na watu wa upande wake wakamfuata. Fizio akabaki anapangusa meza isiyo na vumbi. Dereva alikuwa amebanduka ukutani anakuja, lakini mkewe akamwonyesha kiti kilichokuwa mbele ya meza, akakaa.

Kisha Mama Mayai akafungua mkoba, akatoa leso. Alilichukua yai kwa mkono wa kushoto, akalitikisa kidogo, akahisi kiini kikicheza ndani. Bichi. Akalihamishia kulia. Mpimaji alikuwa amekwisha maliza kazi yake lakini hakuondoka. Vidole vikalizunguka yai, vikalibana, na Mama Mayai akaona tayari Dereva amekwisha kinga viganja vyake chini, kulidaka.

"Toa mikono, mume wangu," akasema.

Dereva akaitoa. Yai likavuka meza lenyewe, juu, bila mtu chini yake, uso wa Mama Mayai umelowa machozi aliyoyaacha yatiririke, maana mkono aliozoea kuyafutia ulikuwa kazini. Likasimama mbele ya mumewe.

"Sasa kinga."

Akakinga kiganja kimoja, naye mkewe akamfungulia vidole. Yai likatua mkononi mwa Dereva, baridi, zima, na mzee wa watu akalishika kwa mikono miwili akilia bila kujificha.

Mama Mayai akalaza mkono wake juu ya meza, akaukunjua tena, mtupu, kuona kama utakubali. Ukakubali. Akamgeukia fizio.

"Haya, binti yangu," akasema. "Iko wapi hiyo mashine?"